Fizikia, Kompyuta na Ujasiri wa Kulikataa Jibu

Tarehe 8 Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba tuzo ya Nobel ya fizikia imekwenda kwa John Hopfield na Geoffrey Hinton, na jioni hiyo kundi letu la wanafizikia tuliosoma pamoja likawaka moto. Wapo walioshangilia. Wapo waliolalamika kwamba tuzo wamepewa watu wa kompyuta, maana kazi iliyotuzwa ndiyo msingi wa mashine zinazojifunza, hizi tunazoziita akili mnemba. Nilikuwa nikiyasoma malumbano yale huku nina jambo jingine la kujibu. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuwa amechaguliwa na vyuo viwili na alitakiwa athibitishe kimoja. Kimoja kilimpa nafasi ya kusoma fizikia kama somo kuu na sayansi ya kompyuta kama somo dogo. Cha pili kilimpa kompyuta peke yake.

“Shikamoo mjomba,” aliniandikia. “Baba anasema nikisoma fizikia nitaishia kushika chaki. Na sasa naona hata wa Nobel wamehamia kwenye kompyuta. Wenzangu nao wanasema kompyuta haina maana tena, akili mnemba inaandika programu yenyewe. Nifanye nini?”

Nilimwitikia marahaba, nikamwomba anipe muda. Ujumbe wake ulibeba maswali matatu: kama fizikia inalipa, kama fizikia imemezwa na kompyuta, na kama kompyuta nayo imemezwa na akili mnemba. Njia anayoifikiria nimeipita mwenyewe. Nilipoketi kumjibu walinijia akilini watu walionifundisha, mmoja baada ya mwingine, na nikaona kwamba jibu langu limo katika yale waliyonifanyia.

Nilisoma sekondari mkoani Tanga miaka ya 1990, katika shule isiyokuwa na kompyuta hata moja. Maabara yetu ilikuwa na mizani, lenzi, ammita chache, saa za kusimamisha na uzi wa kufungia timazi. Mwalimu wa fizikia alikuwa na kanuni moja asiyoilegeza. Kabla mwanafunzi hajafungua kitabu cha majedwali ya logi, aandike kwanza pembeni mwa karatasi kadirio lake. “Niambie jibu litakuwa wapi,” alikuwa akisema. “Ni sentimita, ni mita, au ni kilomita?” Aliyepata jibu sahihi bila kadirio alipewa nusu ya alama, na kelele zetu hazikumbadilisha.

Mwalimu huyo ndiye aliyetusimulia habari za Erasto Mpemba, kwa fahari ya jirani, maana Magamba iko kule juu Lushoto. Mwaka 1963 Mpemba, akiwa kidato cha tatu katika sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Maziwa yalichemshwa, yakachanganywa na sukari, na ilibidi yapoe kabla ya kuingizwa kwenye friji. Nafasi kwenye friji ilikuwa inakwisha, akaamua kuyaingiza yake yakiwa ya moto, na yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa kule Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyetoka Dar es Salaam kuja kuzungumza na wanafunzi. Wenzake walimcheka. Osborne hakucheka, alirudi maabara akataka jambo hilo lijaribiwe, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakachapisha makala pamoja. Hadi leo wanafizikia hawajakubaliana jambo hilo hutokea lini na kwa sababu gani, na bado wanalichunguza, wengine kwa vipimo, wengine kwa kompyuta.

Wakati ule nilichukua kisa kile kama fundisho la kutoogopa kuuliza. Nilipokua niliona kina upande wa pili. Mpemba alilikataa jibu alilopewa na mkubwa wake kwa sababu halikulingana na alichokiona kwa macho. Osborne naye alikataa kumpuuza mwanafunzi kabla hajapima. Huko ndiko fizikia inakoanzia, na mwanafunzi anaweza kujifunza hayo yote bila ya kompyuta yoyote, kwa maziwa na friji.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nikafika chuo kikuu. Wanafunzi wa fizikia tuliruhusiwa kuchukua kozi za idara nyingine ilimradi mshauri wa masomo asaini fomu. Wengi walichukua elimu, kwa kuwa ualimu ulikuwa na ajira ya uhakika. Mimi nikaandika kompyuta. Siku zile mtu aliposema anasoma kompyuta, watu walielewa kwamba anajifunza kuchapa barua na kuchora majedwali. Mshauri wangu aliniuliza swali moja tu: unataka kompyuta ikusaidie kufanya nini? Nikamjibu kwamba nataka kukokotoa yale ambayo kalamu haiyawezi. Akasaini. “Basi soma algorithimu na miundo ya data,” akasema. “Lugha ya programu utajifunza mwenyewe.”

Maabara ya kompyuta ilikuwa na mashine chache na wanafunzi wengi. Tuliandika programu kwa kalamu kwenye daftari, tukazifuata kwa kidole mstari kwa mstari, ndipo tukaingia kwenye foleni na flopi mfukoni. Ukifika kwenye kiti, muda wako ni mfupi na nyuma yako kuna watu. Hali ile sikuipenda, lakini ilitujengea tabia ya kufikiri kabla ya kubonyeza.

Kozi ya algorithimu ndiyo iliyonifungua macho. Mhadhiri wake hakutosheka na programu inayotoa jibu. Alitaka kujua jibu hilo linagharimu kazi kiasi gani. Mfano wake mmoja ulitoka kwetu, kwenye fizikia. Nyota 1,000 zinavutana angani, kila moja na kila nyingine. Jozi za kukokotoa ni 499,500. Zifanye nyota 10,000, na jozi zinakuwa 49,995,000. Nyota zimeongezeka mara 10, kazi imeongezeka karibu mara 100. Ukienda hivyo hadi kwenye mamilioni ya nyota, hata mashine ya gharama kubwa italemewa.

Kisha akatuonyesha njia ambayo Josh Barnes na Piet Hut waliichapisha mwaka 1986. Anga linagawanywa katika masanduku, kila sanduku katika masanduku madogo zaidi, na yote yanapangwa kama mti wenye matawi. Ukitaka kujua nyota fulani inavutwa vipi, zile zilizo karibu nayo unazihesabu mojamoja. Kundi la nyota zilizo mbali unalihesabu kama kitu kimoja chenye tungamo lao lote, kilichokaa kwenye kitovu chao. Jozi za kukokotoa zinapungua mno.

Nilipoirudia mada ile usiku, niliona masomo yangu mawili yamekutana ndani ya wazo moja. Mti wenye matawi ni elimu ya kompyuta. Ruhusa ya kulichukua kundi la mbali kama kitu kimoja inatoka kwenye fizikia, kwa sababu uvutano hupungua kwa mraba wa umbali, na namna nyota za mbali zilivyopangana huleta tofauti ndogo tu huku ulipo. Mtu wa kompyuta peke yake angeweza kuujenga mti asijue ni tofauti gani inayovumilika. Mtu wa fizikia peke yake angeijua tofauti hiyo lakini asiwe na mti wa kuitumia. Tangu hapo sikuyaona tena masomo yale kama vyeti viwili vya kuongezea nafasi ya kazi. Niliyaona kama njia moja ya kufikiri inayohitaji pande zote mbili.

Katika idara yetu ya fizikia alikuwako mhadhiri wa mbinu za kinamba, mtu wa maneno machache. Siku moja alitugawia karatasi zilizochapwa matokeo ya programu fupi aliyoiandika mwenyewe kwa makusudi. Ilikuwa programu ya pendulamu, yaani timazi iliyofungwa kwenye uzi ikaachwa ibembee. Mlinganyo wake tuliujua tangu kidato cha tano. Programu iligawa muda katika vipande vidogo. Katika kila kipande ilitumia kasi ya sasa kupata mahali papya, na mahali pa sasa kupata kasi mpya. Akatuuliza: mnayaamini matokeo haya?

Kwenye karatasi timazi ilikwenda na kurudi, na kila ikirudi ilipanda juu zaidi. Kwa ukubwa wa kipande cha muda alichokichagua, nishati ilikuwa inaongezeka kwa asilimia 1 kila hatua, na hatua 70 zilipopita ilikuwa imefika mara mbili. Mwenzetu mmoja kutoka idara ya kompyuta, kijana hodari kweli, aliikagua programu yote akasema haina tatizo. Kwa kanuni za lugha ya programu alikuwa sahihi. Lakini timazi isiyosukumwa na mtu haiwezi kujiongezea nishati. Hatukujua bado tatizo liko wapi, ila tulijua kwa yakini kwamba jibu lile ni la kukataliwa.

Mhadhiri akabadili jambo moja tu. Kasi mpya ikokotolewe kwanza, na hiyo kasi mpya ndiyo itumike kupata mahali papya. Mara nishati ikatulia, ikawa inapanda kidogo na kushuka kidogo palepale ilipoanzia. Njia hiyo Alan Cromer aliieleza mwaka 1981 katika jarida la fizikia la Marekani, na wanafunzi wa fizikia duniani kote huifundishwa. Sheria ya kuhifadhika kwa nishati haimo ndani ya programu. Iko nje yake, na kwa sababu iko nje ndiyo maana inaweza kuihukumu. Mwanafunzi wa fizikia hujaziwa sheria za namna hii tangu mwanzo: nishati, umeme, mwendo, ulinganifu. Anapokaa mbele ya kompyuta huwa na mashahidi ambao mashine haiwezi kuwahonga.

Muhula uliofuata nilijifunza kwamba kompyuta nayo inayo ya kuifundisha fizikia. Katika kozi ya usanifu wa kompyuta tulielezwa namba zinavyohifadhiwa kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Moja ya kumi, ambayo sisi tunaiandika 0.1 na kuimaliza, katika mfumo huo haimaliziki. Inaendelea bila kikomo, na mashine inalazimika kuikata mahali. Mhadhiri alitupa mfano wa vita vya Ghuba. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran nchini Saudi Arabia, mtambo wa Patriot wa kuzuia makombora haukulizuia kombora la Skadi, na askari 28 wa Marekani wakafa. Saa ya mtambo ilihesabu sehemu za kumi za sekunde, na 0.1 ilikuwa imekatwa ili ienee katika nafasi 24 za tarakimu. Mtambo ulikuwa umewashwa kwa takriban saa 100 mfululizo, na kosa lile dogo likawa limejilimbikiza hadi takriban theluthi moja ya sekunde. Kombora la namna ile huenda zaidi ya kilomita moja na nusu kwa sekunde. Mtambo ukalitafuta mahali ambapo halikuwapo.

Darasa lilinyamaza. Wengi wetu tuliotoka fizikia tulikuwa tumezoea kuiona kompyuta kama kikokotoo kikubwa, kitu kinachotekeleza hisabati kama ilivyo kitabuni. Siku ile tulielewa kwamba ni kifaa cha maabara kama vifaa vingine. Kina mipaka yake ya usahihi, na anayekitumia ana wajibu wa kuijua mipaka hiyo, kama anavyopaswa kujua ammita yake inaishia wapi. Mwanafizikia asiyejua namba hukaa vipi ndani ya mashine anapima kwa kifaa asichokifahamu.

Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ulikuwa juu ya mionzi ya gama inayopita kwenye mabamba ya madini ya risasi. Nilitumia njia ya Monte Carlo, ambayo mwanzo wake naupenda. Mwaka 1946 Stanislaw Ulam alikuwa akiuguza afya yake na kucheza karata za mtu mmoja. Akajiuliza uwezekano wa mchezo kukamilika ni kiasi gani, akaona kuukokotoa ni kazi ngumu kuliko kuzipanga karata mara nyingi na kuhesabu mara ulizoshinda. Yeye na John von Neumann wakalipeleka wazo hilo kwenye safari za nyutroni ndani ya madini, kwa kutumia kompyuta za mwanzo. Chembe moja inatupwa, bahati inaamua itagonga wapi na itaelekea wapi. Kisha inatupwa nyingine, na nyingine. Kila ukitaka usahihi mara 10 zaidi, huna budi kuzitupa chembe mara 100 zaidi.

Nilipima kwa kihesabio cha Geiger kwenye maabara, na nikaiachia kompyuta itupe chembe zake usiku kucha. Kwa mionzi ya sesiamu 137, bamba la risasi lenye unene wa takriban milimita 6 hupunguza nguvu ya mionzi hadi nusu. Programu ya awali ilifuata kanuni ya kitabuni, kwamba kila chembe inayogonga risasi imetoweka. Vipimo vya maabara vilikaa juu kidogo ya mstari wa programu, na kila bamba lilipozidi unene, pengo nalo lilizidi. Msimamizi wangu hakuniambia nirekebishe lolote. Aliniuliza chembe iliyogonga inakwenda wapi. Jibu ni kwamba nyingine hubadili mwelekeo tu na bado hukifikia kihesabio. Nilipoongeza sehemu ya kuzifuata zile zilizotawanyika, mistari miwili ikakaribiana.

Pengo lile lilinifundisha kuliko makubaliano yaliyofuata. Kama ningekuwa na programu peke yake, ningekuwa na mstari mzuri unaolingana na kitabu. Kama ningekuwa na kihesabio peke yake, ningekuwa na namba zisizo na maelezo. Ujuzi ulitokea pale viwili vilipokataana na mimi nikalazimika kuwasikiliza wote wawili, mashine na maumbile.

Baada ya kuhitimu nilifundisha sekondari kwa muda, na sioni haya kuitaja chaki. Kumweleza kijana wa kidato cha tatu kwa nini jibu lake la mita 4,000 kwa urefu wa meza haliwezekani ni kazi ileile ninayoifanya hadi leo. Lakini nilipotafuta kazi nyingine niliona jambo ambalo mpwa wangu lazima alijue. Katika usaili, aliyeona neno fizikia aliniuliza nafundisha wapi, na aliyeona neno kompyuta aliniuliza kama naweza kutengeneza printa. Nilijifunza kuacha kulitaja jina la shahada na badala yake kueleza ninachoweza kufanya: kupima kitu, kukiandikia modeli, kuilinganisha modeli na kipimo, na kusema kwa uaminifu jibu lina shaka kiasi gani. Waajiri waliolielewa hilo waliniita tena.

Mwishoni nikaingia katika fizikia tiba, kazi ya kuhakikisha kwamba mgonjwa wa saratani anapata mionzi iliyoandikwa na daktari, kwa kiasi kilekile na mahali palepale. Siku hizi kompyuta ndiyo inayotengeneza mpango wa tiba. Inachukua picha za mwili, inakokotoa kila mwale utaacha nishati kiasi gani katika kila kipande cha mwili, na inatoa picha za rangi zinazopendeza macho. Nilipoonyesha mpango wangu wa mwanzo kwa mtaalamu mkongwe wa idara, aliugeuza uso wa skrini. “Hicho ni kile mashine inachosema,” akaniambia. “Wewe mwanangu unasema nini?” Akanipa karatasi na kalamu ili nikokotoe kiasi cha dozi katika nukta moja kwa njia fupi ya mkono. Baadaye tulikwenda kwenye mashine na tangi la maji linalowekwa badala ya mwili, tukapima. Tofauti ya asilimia 5 katika kazi hii inatosha kusimamisha kila kitu hadi ieleweke.

Ni yeye aliyenipa kusoma habari za Therac-25, mashine ya tiba ya mionzi iliyotengenezwa Kanada. Kati ya 1985 na 1987, nchini Marekani na Kanada, wagonjwa wasiopungua 6 walipigwa na kiasi kikubwa mno cha mionzi, na baadhi yao wakafa. Mashine zilizotangulia zilikuwa na vizuizi vya vyuma na umeme vilivyozuia mwale mkali usitoke bila kinga. Katika Therac-25 vizuizi hivyo viliondolewa, ulinzi ukaachiwa programu. Kosa lilikuwa limejificha ndani ya programu hiyo: mhudumu aliyezoea kazi, akirekebisha maandishi kwa haraka, aliweza kuiweka mashine katika hali ambayo mwale ni mkali na kinga haipo mahali pake. Katika ajali moja huko Texas mwaka 1986 skrini ilionyesha kwamba mgonjwa amepata dozi ndogo kuliko iliyoandikwa, ilhali alikuwa ameunguzwa.

Nimekisoma kisa hicho na vijana wote wanaokuja kujifunza kwetu. Mgonjwa alisema ameungua. Mashine ilisema hajapata hata dozi yake. Wakati wa ajali zile za mwanzo, mashine ndiyo iliyoaminiwa. Nafasi ile ilihitaji mtu anayejua mambo mawili kwa pamoja: kwamba programu inaweza kuwa na hali ambayo hakuna aliyeijaribu, na kwamba kipimo cha mionzi nacho kinaweza kulemewa na mwale mkali kikaonyesha kidogo. La kwanza hufundishwa katika kompyuta, la pili katika fizikia. Anayelijua moja tu huwa ana sababu nzuri ya kuiamini skrini.

Hivyo ndivyo nilivyopata la kumwambia mpwa wangu. Kuhusu Nobel, nilimweleza kwamba fizikia haikuhama nyumbani kwake. Mtandao alioueleza Hopfield mwaka 1982 ulijengwa kwa fizikia ya sumaku, ambamo kila atomu ni kama sumaku ndogo inayowasikiliza majirani zake hadi zote zitulie katika hali yenye nishati ndogo. Kumbukumbu za mtandao zimewekwa kwenye hali hizo za utulivu. Mashine ya Boltzmann aliyoikuza Hinton na wenzake ina jina la Ludwig Boltzmann, mwanafizikia wa Austria aliyefariki mwaka 1906, kwa sababu inatumia kanuni zake za joto na uwezekano. Anayezijua kanuni hizo anazielewa mashine hizi kutoka kwenye mzizi.

Kuhusu akili mnemba kuandika programu, nilimwambia ni kweli, na kwamba ndiyo maana anahitaji fizikia zaidi. Programu kama ile ya timazi, ambayo sisi tungeitolea jasho kwenye foleni, leo inaandikwa kwa sekunde chache. Inaweza kuandikwa kwa njia inayoongeza nishati na ikaendeshwa bila mashine kulalamika. Kadiri majibu yanavyopatikana kwa urahisi, ndivyo wanavyohitajika watu wanaoweza kuyapima. Kazi ya kuandika mistari itapungua. Kazi ya kusema mstari huu hauwezi kuwa kweli, na hii ndiyo sababu, itaongezeka.

Sikumficha upungufu wa njia hii. Somo dogo la kompyuta halikufundishi kufanya kazi na kundi kubwa la watu kwenye programu moja, kutunza matoleo yake, kuandika majaribio ya kila sehemu, wala kupanga hifadhidata. Hayo nilijifunza kazini, na yalinichukua muda ambao wenzangu wa kompyuta walikuwa wamekwishaupita. Anayetaka kujenga mifumo ya benki au programu za simu asome kompyuta moja kwa moja, atafika haraka. Na anayechukia hisabati asijipe matumaini kwamba kompyuta itamwepusha nayo. Mzigo ni mkubwa pia: maabara za fizikia na mazoezi ya programu hudai jioni zilezile.

Kama ataichagua njia hii, nilimsihi azichague kozi zake kwa kusudi: algorithimu na miundo ya data kwanza, kisha mbinu za kinamba, takwimu, na usanifu wa kompyuta. Kozi za kufundisha programu fulani ya ofisini aziache, maana programu hizo zitabadilika kabla hajahitimu. Na asiikimbie maabara ya fizikia kwa sababu ina vifaa vya zamani. Mizani mbovu humfundisha mtu shaka, na shaka hiyo ndiyo atakayoipeleka kwenye kompyuta.

Alithibitisha fizikia. Baba yake alinipigia simu kuniuliza kama nina hakika, nikamwambia, “Shemeji, hakika ya ajira siwezi kukupa, na hakuna shahada inayoitoa siku hizi. Ninachokuhakikishia ni kwamba hatakuwa mtu wa kudanganywa na namba.”

Ombi langu la mwisho ni kwa vyuo vyetu. Mahali pengi masomo haya mawili yanafundishwa katika majengo mawili na watu wasiosalimiana, na mwanafunzi anaachiwa kuyaunganisha peke yake. Idara ya fizikia na idara ya kompyuta ziwape wanafunzi angalau mradi mmoja wa pamoja, wenye kitu cha kupima na kitu cha kukokotoa, na usahihishwe na wahadhiri wa pande zote mbili. Alama zisitolewe kwa jibu peke yake. Kila namba iwe na kizio, kadirio lililoandikwa kabla, na njia ya pili iliyotumika kuihakiki. Hayo hayahitaji fedha mpya wala mashine mpya, na yanaweza kuanza muhula ujao.